Geuza dole gumba juu kabla ya kuinua mkono
Kwa wanaopogoa mikorosho Tandahimba na Newala, au wanaopanga magunia ya korosho ghalani: kabla ya kuinua mkono kwa upande kupita usawa wa bega, ugeuze mkono mzima kuanzia begani, si kiganja peke yake, hadi dole gumba litazame juu. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kishimo chenye kina kidogo mno cha kombe la bega, na kinachokituliza hasa ni misuli midogo minne inayotoka kwenye kombe hilo. Kano ya mmojawapo hupita katika upenyo wa takribani sentimita 1, chini ya ncha ya kombe iliyotanda juu yake kama paa. Mkono ukiinuliwa huku umegeuzwa kwa ndani, nundu iliyo pembeni ya kichwa cha mfupa huibana kano hiyo dhidi ya paa, na ndiyo maana maumivu huchoma zaidi kati ya nyuzi 60 na 120. Ukigeuzwa kwa nje, nundu husogea nyuma na njia hufunguka. Mbinu hii haifui dafu ikiwa kano imekwisha kuchanika, au bega limekakamaa kiasi kwamba hata mtu mwingine hawezi kuuinua mkono. Bega lililoteguka ni jambo jingine kabisa: mkono ufungwe kwa kitambaa ulivyo na mgonjwa apelekwe hospitali, wala asivutwe na jirani mwenye nguvu.