SOMO: Kumpata mkandarasi wa uzio na geti kwa nyumba iliyo jangwani

Ndugu zangu, mtu akitaka uzio kwa kawaida huanza na mambo mawili: bei ya mita moja na picha ya geti. Jangwani hayo mawili yanakuja mwisho. Kinachoangusha uzio wa huku hakionekani siku ya makabidhiano: nguzo iliyozikwa juujuu, zege lililokauka kabla halijashika, bati lililoziba upepo wote. Siku fundi anapochukua hela yake ya mwisho kila kitu kinang'aa. Kwa hiyo kazi yako ni kumpima mtu kabla hajachimba shimo la kwanza.

Hatua ya 1: Ijue ardhi yako kabla ya kuita mtu

Tafuta bikoni zote, yaani alama za mpimaji kwenye pembe za kiwanja. Mchanga hufukia bikoni, na jirani anayekuonyesha mpaka kwa kidole si mpimaji. Kama huzioni, mlete mpimaji kwanza. Uliza pia mamlaka ya eneo lako kama uzio unahitaji kibali, urefu wa mwisho ni upi na uache nafasi gani kutoka barabarani. Ulizia mabomba na nyaya zilizopita chini.

Kisha tazama maji yanapita wapi. Najua, tunaongelea jangwa. Lakini mvua ya jangwani ikija huja kwa hasira, na ardhi iliyokauka haiwahi kuinywa, kwa hiyo maji hutafuta korongo lao la zamani hata kama limekuwa kavu kwa miaka. Ukuta ukikatiza hapo unageuka bwawa, na haukujengwa kuzuia maji. Acha matundu ya kupitishia maji chini, au weka wavu sehemu hiyo.

Mwisho, chimba shimo moja la majaribio. Ukikuta mchanga mtupu unaobomoka, nguzo zitahitaji zaidi. Ukigonga tabaka gumu la chokaa, uchimbaji utahitaji mashine, na gharama yake ijulikane mapema. Ukiona unga mweupe wa chumvi, muulize mkandarasi atatumia saruji gani, kwa sababu chumvi za salfeti hula zege la kawaida taratibu, na za kloridi hula nondo zake.

Hatua ya 2: Amua upepo upite au usipite

Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, msukumo wake juu ya uzio unazidi mara nne. Uzio wa mabati yaliyoziba kila mahali unabeba msukumo wote huo, na nguzo ndizo zinazolipa. Uzio wenye mianya hupunguza mzigo. Ukitaka faragha kamili, kubali kulipia nguzo nene, za karibu karibu na zenye msingi wa kina. Mbao hukauka, hupinda na kupasuka, na mchwa wapo hata jangwani. Plastiki nyepesi hupauka na kuvunjika kwa jua. Chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto, au ukuta wa matofali wenye viungo vya kupumulia (nafasi zinazoachwa ili ukuta utanuke na kusinyaa bila kupasuka), ndivyo ninavyovipendekeza mimi.

Hatua ya 3: Waite watatu waje saiti, kisha unyamaze

Asiyetaka kuja na anatoa bei kwa simu, mshukuru na umuache. Wanaokuja, usiwape maelezo mengi. Sikiliza wanachouliza. Yule anayeuliza upepo mkali unatokea upande gani, anayeokota udongo na kuufinya, anayetaka kujua gari lako refu kuliko yote ni lipi na umeme uko umbali gani na geti, huyo amewahi kurudishwa kwenye kazi iliyoharibika akajifunza. Yule ambaye swali lake la kwanza ni rangi unayopenda, msikilize tu kwa adabu.

Hatua ya 4: Kagua kazi yake iliyokwisha zeeka

Picha za simu hazisaidii. Zimepigwa siku ya kwanza. Omba uonyeshwe kazi iliyopita misimu miwili au mitatu ya joto. Ukifika, chuchumaa. Mchanga unaopeperushwa husafiri zaidi karibu na ardhi, kwa hiyo sentimita 30 au 40 za chini hupigwa msasa kila siku ya upepo. Pitisha kidole hapo: rangi ikikutoka mkononi kama unga na chuma kikiwa kimeanza kutu, umeshajibiwa. Angalia kila kiungo cha kuchomelea. Ukichomelea chuma chenye zinki, zinki ya pale inaungua. Fundi mzuri husugua na kupaka rangi yenye zinki nyingi, fundi wa haraka hupaka rangi ya fedha juu ya moshi. Kutu huanzia hapo hapo.

Halafu nenda kwenye geti, shika ncha ya bawa iliyo mbali na bawaba na uinyanyue kidogo. Ikicheza, bawaba zimelika au nguzo imelala. Weka pima maji kwenye nguzo ya geti kama mwenyeji anaruhusu. Muulize mwenyeji pia fundi alikuja baada ya siku ngapi alipoitwa kwa marekebisho, na alikuja kwa uso gani.

Hatua ya 5: Kwotesheni itaje vitu, isiseme "uzio kamili"

Hapa ndipo tofauti ya bei inapojificha, na ndiyo sababu bei ya mita haina maana peke yake. Waandikie wote watatu mahitaji yale yale, kisha kila mmoja ajaze: kina cha shimo na upana wake, uwiano wa zege, umbali kati ya nguzo, ukubwa wa bomba na unene wa ukuta wake kwa milimita, kinga ya kutu ni ipi, idadi ya bawaba na aina yake, nani anaondoa vifusi.

Kwa kipimo cha kuanzia, sehemu ya nguzo iliyo chini iwe kama theluthi ya iliyo juu. Uzio wa mita 1.8 unataka sentimita 60 ardhini, na kwenye mchanga mlegevu zaidi ya hapo, huku shimo likipanuliwa chini. Nguzo za geti zina hesabu yake kubwa zaidi. Kuhusu unene, bomba la milimita 1.2 na la milimita 2 ukiyatazama kwa nje ni mapacha. Yapime kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) vifaa vikishushwa, kabla ncha hazijazibwa.

Hatua ya 6: Geti lipewe mkutano wake

Geti la mabawa huhitaji vizuizi imara likiwa wazi na likiwa limefungwa, la sivyo upepo utalibamiza mpaka bawaba zing'oke. Geti la kusukuma lenye reli chini ni zuri mahali ambapo sakafu ni safi. Huku reli hujaa mchanga na magurudumu hulika. Lipo la kusukuma lisilogusa ardhi, linalobebwa na magurudumu yaliyofungwa upande mmoja. Linagharimu zaidi na linadai nafasi: uwazi wa mita 4 unahitaji geti la karibu mita 6, na ukuta ulionyooka wa kulipokea linapofunguka. Kama nafasi ipo, chukua hilo. Liwe la aina yoyote, geti la kusukuma lazima liwe na kizuizi mwisho wa safari yake, lisije likachomoka na kumlalia mtoto. Hapo usikubali mjadala.

Kwenye mota soma herufi IP, kipimo cha kinga yake dhidi ya vumbi na maji. Tarakimu ya kwanza baada yake inahusu vumbi: 5 linaingia kidogo bila kuzuia kazi, 6 haliingii kabisa. Dai vihisi vya kusimamisha geti likikuta mtu, na ufunguo wa kulifungua kwa mkono umeme ukikatika. Betri iwekwe kivulini, maana betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 juu ya nyuzi joto 25. Na grisi ya kupaka wazi ikae mbali na magurudumu: inashika mchanga na kuwa msasa. Tumia kilainishi kikavu, au beringi zilizozibwa.

Hatua ya 7: Mkataba na hela

Andikeni. Michoro, vipimo vya hatua ya 5, tarehe, dhamana, nani anabeba jukumu akiumia mtu au bomba likipasuliwa. Lipa kwa kazi iliyoonekana: nguzo zikisimama, uzio ukifungwa, geti likitembea. Bakiza sehemu, wengi hubakiza asilimia 5 hadi 10, mpaka upepo wa kweli upite.

Hatua ya 8: Siku ya zege uwepo

Zege limwagwe alfajiri au jioni. Mashimo yaloweshwe kwanza, maana mchanga mkavu hunyonya maji ya zege. Likianza kukauka kwenye toroli wasiliongezee maji ili lilainike, litapoteza nguvu. Baada ya hapo lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, na mtu mmoja awe na kazi ya kuyalowesha tena kwa siku 7. Mtu huyo atajwe kwenye mkataba, vinginevyo atakuwa hayupo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, fundi wangu anasema nguzo za geti zimekauka tayari, ni siku ya pili, anataka kupachika geti leo. Nimruhusu?

Usimruhusu. Kukauka na kushika ni mambo mawili, na huku zege hukauka juu upesi sana huku ndani likiwa bado changa. Subiri angalau siku 7, na kwa geti zito subiri zaidi. Nguvu yake iliyokusudiwa huhesabiwa kwa siku 28. Wakati huo anaweza kuendelea na sehemu nyingine za uzio.

Swali: Ukuta wangu wa matofali umepasuka wima sehemu kadhaa, kama umekatwa kwa kisu. Ni msingi?

Nyufa zilizonyooka wima na zinazorudia kwa umbali unaolingana mara nyingi zinaonyesha ukuta mrefu ulionyimwa viungo vya kupumulia. Mchana unatanuka, usiku unasinyaa, ukikosa nafasi unajitengenezea. Ukijenga mpya dai kiungo kila baada ya mita chache, na umbali huo uandikwe kwenye mchoro. Nyufa za ngazi ngazi zinazopanda mshazari ndizo za kumwitia mhandisi, kwani hizo huweza kuwa msingi unaozama.

Swali: Kaka, mchanga umejaa nje ya ukuta mpaka watoto wanapanda juu. Niongeze urefu?

Ukiongeza urefu, rundo nalo litaongezeka. Tega mchanga kabla haujafika: weka uzio mwepesi wenye matundu karibu nusu ya eneo lake, mbali kidogo upande upepo unakotokea. Upepo ukipita humo hupoteza kasi na kuumwaga mchanga hapo. Itabidi uutoe mara kwa mara, lakini hautaegemea ukuta wako. Hilo rundo la sasa liondoe mapema, ukuta wa uzio haukupigiwa hesabu ya kubeba udongo ubavuni.

Swali: Geti langu la mota hukwama saa nane mchana, usiku linatembea vizuri. Fundi anasema ninunue mota mpya.

Kabla ya kununua, pima nafasi ya kupokelea geti mchana na usiku. Geti la chuma la mita 6 likipata tofauti ya nyuzi 50 hurefuka karibu milimita 3.6, la alumini karibu 7. Kama limefungwa bila nafasi, linajibana lenyewe. Lisukume kwa mkono mchana huo huo mota ikiwa imeachiwa: likigoma, kosa si la mota. Likitembea laini, angalia kama mota iko juani moja kwa moja, kwani nyingi hujizima zenyewe zikipata joto kupita kiasi. Kipaa kidogo juu yake kinaweza kutosha.

Swali: Mkandarasi anataka nusu ya hela mbele, anasema ni ya vifaa.

Dada, kama ni ya vifaa basi nenda naye dukani, ulipe wewe, risiti itoke kwa jina lako na vifaa vishushwe kwako. Mwenye nia njema atakubali, tena utamsaidia. Akikataa, una wengine wawili kwenye orodha.