Kumfuatilia askari wa Uhispania ukiwa Nairobi

Ukitaka kuandika maisha ya askari wa Uhispania aliyeanzisha ukoo Amerika, usihangaike kwanza na vita. Tafuta nani alimzaa, alimwoa nani na alipewa shamba wapi. Sisi wa Kibra, wajukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), hata koo zetu tunazifuata hivyo hivyo.

Tumchukue Luis María Peralta, maana habari zake hazina shida kupatikana. Alizaliwa Tubac, leo ni Arizona, mwaka 1759. Akiwa kijana alisafiri na wazazi wake katika msafara wa walowezi ulioongozwa na afisa Juan Bautista de Anza, ulioondoka Tubac Oktoba 1775 ukaingia Monterey, California, Machi 1776. Baadaye akawa askari, mmoja wa wale walioitwa soldados de cuera kwa ajili ya koti la ngozi la kukinga mishale. Alifika cheo cha sajini.

Sasa fungua hifadhidata ya Maktaba ya Huntington: imekusanya ubatizo, ndoa na maziko ya misheni za California, 1769 hadi 1850, na hulipi kitu. Mtafute mke kabla ya mume. María Loreto Alviso aliolewa na Peralta 1784 lakini akabaki na jina la Alviso, kwa hiyo mumewe na watoto wao 17 unawapata pia kupitia kwake. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto kwenye msafara uleule wa Anza! Jaribu tahajia zote: b na v zinabadilishana, s na z vilevile, kwa hiyo Albizo na Alviso ni watu wamoja. Ukiona M yenye a ndogo juu yake, hiyo ni María. Padre alikuwa anabana wino. Wasimamizi wa ubatizo usiwaruke, mara nyingi ni ndugu au askari wenzake.

Safu ya rangi, yaani asili ya mtu, kwenye orodha za zamani isikudanganye. Los Angeles, baadhi ya walioandikwa mulato (mchanganyiko wa Mwafrika na Mzungu) mwaka 1781 walikuwa mestizo (mchanganyiko wa Mzungu na mwenyeji wa asili wa Amerika) kwenye hesabu ya watu ya 1790. Damu haikubadilika, hali ndiyo iliyobadilika.

Halafu ardhi, na hapa ndipo ukae sana. Mwaka 1820 gavana Pablo Vicente de Solá alimpa Peralta shamba la mifugo (rancho) liitwalo Rancho San Antonio, ekari zipatazo 44,800. Leo Oakland na Berkeley zimo ndani yake. Yeye alibaki San José, na 1842 akawagawia wanawe wanne. Marekani ilipochukua California, sheria ya 1851 iliwataka wenye mashamba wathibitishe umiliki wao mbele ya tume. Soma kesi hizo ukurasa kwa ukurasa: mashahidi wanataja vijito, nyumba, nani alifuga wapi. Michoro ya mipaka, diseños, nyingi ziko Maktaba ya Bancroft, Berkeley. Ukitaka kuwapigia simu, ngoja saa nne usiku ya Nairobi, kule itakuwa karibu adhuhuri na wako kazini. Uwe na jina la rancho mkononi.