Kuzuru wenyewe wa Bagamoyo: hodi, chetezo na njia ya kurudi

Wengi wanaofika Bagamoyo wakiwa na mazoea ya safari za roho za kwingine hukwama palepale mwanzoni. Huko Ulaya na Marekani mwendaji hulala chali, hufunika macho, hupigiwa ngoma ya mapigo 200 hadi 220 kwa dakika kwa robo saa au zaidi, kisha kwa fikra huteremka kupitia shimo, pango au mzizi mpaka akutane na anaowatafuta. Pwani mambo ni kinyume. Mtu haendi kwa pepo. Pepo ndiye anayekuja akapanda kichwani, na aliyepandwa huitwa kiti. Kwa hiyo ukiwa mji huu kazi yako si kusafiri mbali. Ni kufika panapokaliwa, kupiga hodi, kukaa kwa kiasi, na kuondoka bila kufuatwa.

Na mji huu unakaliwa. Mibuyu, visima vya zamani, magofu, njia panda, mikoko, kote huko kuna wenyewe, na hilo ndilo neno litumikalo mtaani kwa pepo wa mahali badala ya kutaja majina yao. Masheikh wengi watakwambia mambo haya yanaelekea kwenye shirki. Usibishane nao, na wala usiwashe ubani wako mbele ya msikiti.

Siku na saa

Siku ya Kiswahili huanza magharibi. Ukiambiwa "njoo usiku wa Ijumaa", maana yake ni Alhamisi jua likishazama. Wageni hufika Ijumaa jioni wakakuta majivu yamepoa, kisha wakadhani wamedanganywa.

Saa mbili za siku huachwa. Ya kwanza ni jua la utosi, pale kivuli kinapoingia chini ya miguu. Ya pili ni magharibi yenyewe, ambayo Bagamoyo huangukia kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Watoto huitwa ndani saa hizo, na mgeni naye avae utoto huo kidogo. Wakati mzuri wa kuanza ni baada ya alfajiri, watu wanapofagia vibaraza. Anayefika Kaole, kwenye magofu kusini mwa mji, saa nne asubuhi amekwisha kuchelewa, kwani jua litamwondolea utulivu kabla pepo hajamkaribia.

Ukitaka kupita ufukweni, hesabu maji. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka karibu saa nne. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Kwenye mikoko ya Kaole maji hayaji kwa wimbi. Hupanda kimyakimya kupitia vijito, nawe unashtukia njia uliyojia haipo. Tope lake humeza mguu mpaka gotini, na kiatu hubaki.

Vitu vya kubeba

Havizidi mkoba mmoja: chetezo cha udongo, makaa manne makubwa kiasi cha ndimu, ubani kiasi cha kiganja, chupa ndogo ya marashi ya mawaridi, sarafu chache, maji ya kunywa lita moja na nusu, kiberiti, na chupa ya pili ya maji ambayo kazi yake utaijua mwishoni. Wapo wanaobeba pia vipande vya kitambaa cheupe, chekundu na kaniki. Vitambaa ni vya anayejua anampelekea nani. Usifunge rangi usiyoambiwa.

Ubani ununue kwa kuangalia. Ubani mzuri ni tone lenye weupe wa manjano, ukilitafuna hugeuka laini kama ulimbo. Wengine huuziwa sandarusi, ambayo zamani ilikuwa bidhaa kubwa ya bandari hii. Nayo hutoa moshi, lakini mkali zaidi, na kichwa huanza kuuma mapema.

Kuwasha kunaharibiwa na haraka. Weka majivu au mchanga mkavu vidole viwili ndani ya chetezo, chini ya makaa, la sivyo udongo hupasuka. Koleza makaa mpaka yavae majivu ya kijivu juu, kama dakika kumi na tano. Hapo ndipo uweke punje tatu za ubani, kila moja kiasi cha punje ya mahindi, pembeni mwa kaa na si katikati. Tazama inavyofanya. Punje hutoa jasho kwanza, ikang'aa, ikachemka kwa vipovu vidogo, na moshi mweupe ukapanda wima kama uzi. Ikigeuka nyeusi papo hapo na kutoa moshi wa kuchoma macho, moto ni mkali, ondoa, ngoja. Udi uliopikwa na sukari ndio usiotaka moto mkali kabisa, kwa sababu sukari huungua kabla mti haujanukia.

Chetezo kisiwashwe chumbani kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na dalili zake ni kichwa kizito, usingizi, kifua kubana, hata kuona mambo. Wapo walioita hali hiyo "kupandwa" wakati walichohitaji ni kutolewa nje haraka.

Kupiga hodi

Anza na wenyeji walio hai. Mwambie mwenyekiti wa mtaa au mlinzi wa eneo unakwenda kukaa, si kuchimba. Maneno hayo mawili ni muhimu, kwani mgeni aliyekaa chini ya mbuyu na mkoba hudhaniwa anatafuta mali iliyofukiwa na Mjerumani. Kaole ina kiingilio na wahudumu. Lipa, uliza wapi panaruhusiwa moshi, na usifukize ndani ya magofu. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Masizi hayafutiki.

Kisha wenyewe. Simama hatua saba kabla ya mahali, vua viatu, sema "Hodi" mara tatu kwa sauti ya kawaida, kama unavyosema mlangoni kwa jirani. Ngoja pumzi tisa. Unachosubiri si jibu la sauti. Ni mwili wako kutulia. Mabega yakikaza, au ndege wakinyamaza ghafla, au ukapatwa na haja ya kuondoka isiyo na sababu, sema "Samahani, nimekosea mlango", urudi kinyumenyume hatua tatu ndipo ugeuke. Hakuna aibu, hata kwa watu hodi hukataliwa.

Kwenye kaburi hodi haitumiki. Pale salamu ni "Assalamu alaikum ya ahlal kubur", kisha fatiha kwa anayeijua, au ukimya kwa asiyeijua.

Njia yenyewe

Anzia Mji Mkongwe, mtaa wa India, ukipita polepole kwenye milango ya kuchonga. Hesabu hatua 100, simama, sikiliza mpaka umetambua sauti tano zilizo tofauti, endelea. Zoezi hili dogo ndilo linalotenganisha kuona na kudhani. Ukifika soko la samaki umeshajua mji unavyosikika siku ya kawaida, na kisicho cha kawaida kitajitenga chenyewe.

Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, iko upande wa pili wa mji. Mbuyu wake umemeza mnyororo, kikabaki kipande kifupi tu nje ya gome. Wageni hukaa hapo wakalia juu ya watumwa. Simulizi ya misheni ni kwamba mnyororo ule ulifungwa kwa ajili ya punda. Tumeliweka hapa kwa makusudi: ukiona mtu "anapokea" kilio cha mtumwa kutoka kwenye mnyororo wa punda, hajapokea kitu. Biashara ya watumwa ilipita mji huu kweli, ila ukiwatafuta waliopita, watafute mahali pao.

Kaole iko kama kilomita 5 kusini mwa mji, saa moja na robo kwa mguu. Kuna misikiti miwili, makaburi zaidi ya 20 na kisima, na msikiti wa zamani huhesabiwa wa karne ya 13. Kaburi la Sharifa bado huzuriwa na watu wenye shida zao. Ukiwakuta wanaomba, kaa mbali, usiwapige picha, usisogee mpaka wamalize. Mbuyu wa pale, unaosemwa una zaidi ya miaka 500, huzungukwa na wanaotaka umri mrefu. Zunguka ukitaka, lakini kukaa na kusikiliza ni bora zaidi upande wenye kivuli, mgongo usiuegemee mti.

Kikao kisizidi dakika 20. Tazama chini, kama hatua mbili mbele yako, macho nusu wazi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, toa kwa sita. Usipige ngoma. Hili wageni hulidharau, nalo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kila kabila la pepo lina mapigo yake, ya kibuki si ya ruhani, na mitaani kuna watu ambao ni viti. Ukipiga ovyo unaweza kumwangusha mama anayepita na ndoo yake. Kama lazima mapigo, yasikilize kwa spika ndogo ya sikio, moja tu. Sikio la pili libaki kwa mji.

Akija

Mara nyingi haji mtu mwenye umbo. Huja harufu, neno, sura iliyopita pembeni mwa jicho, au kumbukumbu isiyo yako. Salimia. Uliza jina, uliza atokako, uliza anataka nini. Mpangilio ni huo huo anaoutumia fundi, yaani mganga wa ngoma za pepo, kwa kiti kilichopandwa, maana asiyejitambulisha hapewi kitu.

Usiahidi. Nadhiri pwani ni deni. Ukisema "nikijaliwa nitatoa chochote", umesaini hati tupu. Ukilazimika kuweka nadhiri, taja kitu, kiasi na siku: "Nikijaliwa, nitaleta ubani robo kilo hapa kabla ya mwezi kuandama." Kisha ilipe, hata kama ulichoomba kimekuja kwa njia unayoiona ya kawaida.

Visivyo wao

Usiku kilio cha mtoto juu ya mti ni komba. Ua la mbuyu hufunguka magharibi, jeupe, limening'inia kichwa chini, na popo huja kulinywa. Asubuhi limeanguka, limegeuka kahawia na linanuka kama nyama iliyolala. Anayekaa pale kwa mara ya kwanza husikia mbawa, halafu uvundo, halafu hukimbia. Kimbunga kidogo cha vumbi njiani huitwa kinyamkera, na huyo ni wao kwa wanaoamini. Mpishe tu, funga mdomo.

Kukabwa usingizini, kifua kizito na mwili usiotikisika, ni jinamizi. Humpata sana aliyechoka na aliyelala chali. Jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu, mwili wote utafuata. Usiku unaofuata lala ubavu. Mwenye kifafa, au aliyewahi kusikia sauti zinazomwamuru, asifanye ziara hii kabisa. Na yeyote asiyelala usiku mitatu mfululizo baada ya ziara aende hospitali kwanza, mganga baadaye.

Jihadhari pia na fundi anayetaja jirani au shangazi kuwa ndiye aliyekutumia jini. Ondoka hapo hapo. Kumsingizia mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, na maneno hayo yameua vikongwe wengi nchini.

Kurudi

Safari isiyofungwa ndiyo inayoleta malalamiko ya wiki nzima. Sema "Nimeshukuru, naomba ruhusa", nyunyiza marashi matone machache mbele yako, weka sarafu kama umeona nyingine zimewekwa, inuka. Usigeuke nyuma mpaka umevuka njia panda ya kwanza. Mtu akikuita kwa nyuma bila kutaja jina lako, usiitike. Nawa miguu mpaka vifundoni, kisha kaa na watu: kahawa chungu na kashata barazani huurudisha mwili haraka kuliko dua ndefu. Andika uliyoyaona kabla ya kikombe cha pili, kwa sababu baada ya hapo utaanza kuyapamba.

Chupa ya pili ni ya chetezo. Makaa yaliyofunikwa na majivu hushika moto kwa saa nyingi, na majani makavu ya mbuyu hayahitaji zaidi ya cheche. Mwaga maji polepole ukisimama upande unaotoka upepo, koroga kwa kijiti, mwaga tena, kisha weka kiganja juu bila kugusa. Kama bado unasikia joto, ngoja. Majivu yakipoa kabisa yafunge kwenye gazeti uondoke nayo. Yasimwagwe njiani watu wakayakanyaga, wala kisimani.