Kurekebisha na kutunza libX11 bila kuvunja programu zinazoitegemea

libX11 ndiyo maktaba inayosimama kati ya programu na seva ya X, yaani programu inayosimamia madirisha, kibodi na kipanya kwenye Linux na Unix. Programu ikitaka dirisha, libX11 hugeuza agizo hilo kuwa baiti za itifaki ya X11, huzipeleka kwenye soketi, kisha husoma majibu, matukio na makosa yanayorudi. Itifaki hiyo ni ya mwaka 1987, na programu iliyokompailiwa miaka mingi iliyopita bado inatarajia kuikuta libX11.so.6 ikiwa na tabia zilezile. Kwa hiyo mtunzaji ana kazi mbili zinazovutana: kuziba matundu, na kutogusa kitu ambacho mwingine amekiegemea. Hitilafu nyingi zinazoripotiwa hapa hazipo pale zinapojitokeza. Ndiyo maana uchunguzi unachukua muda mrefu kuliko kiraka chenyewe, ambacho mara nyingi hakizidi mistari mitano.

Jenga nakala yako pembeni

Usisakinishe juu ya nakala ya mfumo. Ukikosea, madirisha yote yatagoma kuwaka na utabaki na skrini ya maandishi tu. Andaa kwanza autoconf, automake, libtool, pkg-config, util-macros, xorgproto, xtrans na libxcb, kisha:

```
git clone https://gitlab.freedesktop.org/xorg/lib/libx11.git
cd libx11
./autogen.sh --prefix=$HOME/x11 CFLAGS="-g -O1"
make -j4 && make check && make install
```

Hatua ya `make install` watu huiruka, wakaendesha programu moja kwa moja kutoka `src/.libs`. Maktaba inafunguka vizuri, lakini njia ya data za lugha imechongwa ndani yake wakati wa kujenga, na faili hizo bado hazipo. Matokeo yake kitufe cha Compose (cha kuunganisha vitufe kadhaa kupata herufi moja, kama é) kinakufa, nawe unaanza kuwinda hitilafu ambayo haipo. Kama ni lazima uendeshe bila kusakinisha, elekeza `XLOCALEDIR` kwenye saraka ya data za lugha ya mfumo, kwa kawaida `/usr/share/X11/locale`.

Jaribu kwenye seva isiyo na skrini, si kwenye kikao unachofanyia kazi:

```
Xvfb :99 -screen 0 1280x1024x24 &
DISPLAY=:99 LD_LIBRARY_PATH=$HOME/x11/lib xev
```

Hakikisha kwa `LD_DEBUG=libs` kwamba nakala iliyopakiwa ni yako. xterm haifai kwa jaribio hili: kwenye baadhi ya mifumo imewekewa ruhusa ya setgid (inayoipa programu mamlaka ya kundi linaloimiliki), na kipakiaji hupuuza `LD_LIBRARY_PATH` kwa programu za namna hiyo bila kusema neno. Angalia pia kwamba libX11-xcb inatoka kwenye ujenzi uleule, kwa sababu inachungulia ndani ya miundo ya siri ya libX11.

Kwa makosa ya kumbukumbu, Valgrind ndiyo njia rahisi, maana haihitaji kukompaili chochote upya. AddressSanitizer (ASan) ni ya kasi zaidi, ila ukiijenga ndani ya libX11 peke yake programu ya kawaida itakataa kuanza, ikilalamika kwamba maktaba ya ASan haikutangulia kwenye orodha. Andika programu fupi ya C inayoita fankisheni unayoishuku, uikompaili nayo kwa `-fsanitize=address`.

Soma ujumbe kabla ya kusoma msimbo

Ripoti nyingi huja na "X Error of failed request: BadWindow" na lawama kwa libX11. Ujumbe huo una maana kwamba seva imekataa ombi la programu. LibX11 ni mjumbe tu. Kishughulikia-makosa cha msingi huuchapa kisha huifunga programu. Ndani yake mna vitu vitatu vya kutazama. Major opcode inataja ombi: 1 ni CreateWindow, 12 ni ConfigureWindow, na kuanzia 128 ni viendelezi, ambavyo seva huvigawia namba yenyewe (`xdpyinfo -queryExtensions` itakuonyesha ipi ni ya nani). Kitu cha pili na cha tatu ni serial number ya ombi lililokataliwa na ile ya mwisho kutengenezwa. Zikiwa 145 na 149, programu ilikuwa imeshatengeneza maombi mengine manne kabla kosa halijasomwa. Msururu wa fankisheni ulioambatishwa kwenye ripoti unaonyesha mahali kosa liliposomwa, wala si mahali lilipozaliwa.

Ili vilingane, lazimisha kila ombi lingoje seva:

```
gdb ./programu
(gdb) break main
(gdb) run
(gdb) set var *(int *)&_Xdebug = 1
(gdb) break _XError
(gdb) continue
```

`_Xdebug` iwekwe kabla ya XOpenDisplay kuitwa. Baada ya hapo haina athari. Programu itakuwa nzito, na hilo ni la kawaida. Kosa likitoweka kabisa katika hali hii, shuku mbio (race condition): huenda dirisha linafutwa na programu nyingine katikati ya maombi mawili.

Ujumbe unaoanza na `[xcb]` ni habari nyingine. Tangu libX11 1.4, soketi inashikwa na libxcb, na ukaguzi ulioko kwenye `src/xcb_io.c` husimamisha programu pale hesabu zinapogoma. Ukikuta "Extra reply data still left in queue", kuna fankisheni iliyopokea jibu ikaacha baiti hazijasomwa. "Too much data requested from _XRead" ni kinyume chake: imeomba baiti nyingi kuliko zilizofika. Yote mawili kwa kawaida ni makosa ya maktaba ya kiendelezi, kwa hiyo angalia libXi, libXrandr na wenzao kabla ya kufungua msimbo wa libX11. "Unknown sequence number while processing queue" inaelekeza kwenye nyuzi (threads, njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja), na hizo zina sehemu yake hapa chini.

Kama bado huoni, weka `x11trace` katikati ya programu na seva usome maombi na majibu moja baada ya jingine. Inachosha macho, lakini haidanganyi.

Urefu, urefu, urefu

Hapa ndipo matundu mengi ya usalama yamepatikana. Kila jibu la X11 lina baiti 32 za kwanza, na uga wa `length` unaosema maneno mangapi ya baiti nne yanafuata. Msimbo wa zamani uliamini kwamba seva haiwezi kusema uongo. Mwaka 2013 X.Org, mradi unaotunza libX11, ilitangaza mfululizo mrefu wa dosari katika maktaba zake za upande wa programu, nyingi zikitokana na imani hiyo: namba iliyotoka kwa seva inazidishwa, inafurika, inatengewa kumbukumbu ndogo, kisha data kubwa inamiminwa humo. Fankisheni inayosoma jibu inatakiwa ifanane na hii (jina la ombi ni la mfano):

```
CARD32 *orodha = NULL;
unsigned long nbaiti;

LockDisplay(dpy);
GetReq(PataOrodha, req);
if (!_XReply(dpy, (xReply *) &rep, 0, xFalse)) {
    UnlockDisplay(dpy);
    SyncHandle();
    return NULL;
}
if (rep.idadi > 0 && rep.idadi <= rep.length &&
    rep.length < (INT_MAX >> 2)) {
    nbaiti = (unsigned long) rep.length << 2;
    orodha = Xmalloc(nbaiti);
}
if (orodha == NULL) {
    _XEatDataWords(dpy, rep.length);
    goto mwisho;
}
_XRead(dpy, (char *) orodha, (long) nbaiti);
mwisho:
UnlockDisplay(dpy);
SyncHandle();
return orodha;
```

Mambo matatu yasikosekane. `idadi` inalinganishwa na `length`, kwa sababu seva inaweza kutaja vitu elfu moja na kuleta kumi. Kumbukumbu ikikosekana, data bado inamezwa kwa `_XEatDataWords`. Ukirudi mikono mitupu bila kuimeza, jibu linalofuata litagonga ile "Extra reply data". Tena tumia `_XEatDataWords`, si `_XEatData` pamoja na `length << 2`, maana kuzidisha huko kunaweza kufurika kwenye mashine za biti 32. Na kila njia ya kutoka ipitie `UnlockDisplay`.

Upande wa kutuma nao una mtego wake. Urefu wa ombi la kawaida ni namba ya biti 16 inayohesabu maneno ya baiti nne, kwa hiyo kikomo ni baiti 262,140. Kuvuka hapo kunahitaji kiendelezi cha BIG-REQUESTS. Urefu wa jina lililo ndani ya ombi mara nyingi nao ni biti 16. Fankisheni kama XLookupColor zilikuwa zinapokea jina la rangi la urefu wowote. Jina likizidi 65,535, urefu unakatwa, na baiti zilizosalia seva inazisoma kama maombi mapya. Anayeweza kuingiza jina la rangi kwenye programu, tuseme kupitia dirisha la kiterminali, anapata njia ya kuiamuru seva. Hiyo ndiyo dosari ya usalama iliyosajiliwa kama CVE-2021-31535, iliyozibwa katika 1.7.1. Ukiongeza au kukagua fankisheni yoyote inayopokea mfuatano wa herufi, pima `strlen` dhidi ya `USHRT_MAX` kabla ya `GetReq`, sio baada yake.

Vilevile namba ya tukio, ombi au kosa isitumike kama faharasa ya safu bila kupimwa. CVE-2023-3138 ilitokana na hilo tu, ndani ya `InitExt.c`.

Nyuzi na mikwamo

Kuanzia 1.8, ya mwaka 2022, libX11 yenyewe huita XInitThreads (fankisheni inayowasha kufuli za nyuzi) inapopakiwa. Awali programu isiyoiita ilikuwa na kufuli za kinadharia tu: `LockDisplay` haikufanya kitu, na msimbo uliosahau kufungua uliendelea kufanya kazi bila mtu kujua. Sasa kufuli ni za kweli, na makosa yaliyolala yameamka. La kawaida zaidi ni msimbo unaoshika `LockDisplay` halafu unaita fankisheni ya umma ambayo nayo inataka kufuli ileile. Haishikiki mara mbili, hivyo uzi unajingoja wenyewe.

Programu ikiganda, shika kwa gdb na uamuru `thread apply all bt`. Ukiona `_XLockDisplay` juu ya uzi, shuka taratibu ukitafuta fankisheni iliyoshika kufuli mapema zaidi kwenye uzi uleule. Usipoiona, kuna aliyerudi zamani bila kufungua: kagua kila `return` iliyo kati ya kufunga na kufungua. Kujenga upya kwa `--disable-thread-safety-constructor` kunathibitisha dhana. Kukisambaza kama suluhisho ni kufunika moshi kwa mkono.

Usichoruhusiwa kugusa

Miundo ya umma haiongezwi uga wala kubadilishwa ukubwa. XEvent ina baiti 192 kwenye mashine za biti 64, na programu zimeshaitengea nafasi hiyo kwenye rafu. Fankisheni zinazoanza na `_X` zinaonekana za ndani, lakini maktaba za viendelezi huziita kupitia `Xlibint.h`, kuifuta moja ni kuivunja libXext ya mtu. Linganisha nakala ya zamani na mpya kwa `abidiff` kabla ya kuunganisha chochote.

Kuna tabia zinazofanana na hitilafu ambazo ni lazima zibaki. XGetWindowProperty, kwa mfano, hurudisha data ya muundo wa 32 ikiwa safu ya `long`, yaani baiti nane kila kimoja kwenye biti 64. Ripoti za kulalamikia hilo hazitaisha. Zifunge kwa upole.

Na kosa likiwa kwenye msimbo wa C wa libxcb wa itifaki, usirekebishe faili la C. Limezalishwa na `c_client.py` kutoka XML ya xcb-proto. Rekebisha XML au kizalishi, la sivyo kiraka chako kitafutika kwenye ujenzi unaofuata.

Faili za Compose

Viraka vingi vidogo ni vya `nls/en_US.UTF-8/Compose.pre`. Faili hupitia kichakata-awali cha C, kwa hiyo maoni huanza na `XCOMM`, si alama ya reli. Hatari kubwa ni mfuatano mmoja kuwa mwanzo wa mwingine: ukiongeza Compose, a, b mahali penye Compose, a, b, c, mmoja wao hautafikiwa tena. `make check` huendesha `compose-check.pl` kukagua faili hizo, basi usiiruke.

Kupeleka kiraka na kutoa toleo

Badiliko moja, kiraka kimoja. Kama hitilafu ilianza karibuni, tafuta chanzo kwa `git bisect` kati ya vitambulisho vya matoleo, ambavyo huandikwa kama `libX11-1.8.6`, skripti yako irudishe 125 (yaani "ruka hili") pale msimbo usipojengeka. Tumia `git commit -s`, eleza kwenye maelezo ni ingizo gani linaleta kosa na kwa nini, ongeza `Fixes:` yenye badiliko lililoleta hitilafu na `Closes:` yenye ripoti. Tundu la usalama halifunguliwi ripoti ya wazi: linapelekwa kwa faragha kwa timu ya usalama ya X.Org, ili wasambazaji wapate muda wa kujiandaa.

Siku ya kutoa, panda namba ya toleo kwenye `AC_INIT` ya `configure.ac`, kisha endesha `make distcheck` kutoka kwenye nakala mpya ya git, kwa sababu ndiyo inayofichua faili jipya lililosahauliwa kwenye `Makefile.am`. Tia saini kwa GPG, na tumia `release.sh` iliyoko kwenye hazina ya `xorg/util/modular` kuandaa vifurushi vya tar na hesabu za SHA za kuvihakiki. Kabla ya kutangaza, zijenge libXext, libXi na libXrandr dhidi ya toleo hilo kwenye saraka tupu. Zikigoma hapo, zitagoma kwa wasambazaji wote.