Kifaa kikileta hitilafu, fungua tiketi kwanza

Kuuliza kwenye kundi la watumiaji kunasaidia kujua kama tatizo ni lako peke yako, ila hakukupi namba ya tiketi, yaani ya ripoti rasmi ya tatizo unayoifungua kwa mtengenezaji. Namba hiyo na tarehe yake ndiyo ushahidi kwamba uliripoti kabla dhamana haijaisha. Hata watu 50 wakikuunga mkono, siku za dhamana zinaendelea kuhesabika.

Andika modeli kamili, namba ya kipekee iliyobandikwa nyuma au chini ya kifaa, toleo la programu, tarehe ya kununua, na uambatishe picha ya risiti. Kisha eleza hitilafu inavyotokea. "Inazima ovyo" haimsaidii fundi. "Inazima dakika 2 baada ya kuwasha Bluetooth, chaji ikiwa chini ya asilimia 30, mara 4 kati ya 5" inampa pa kuanzia. Tiketi moja, hitilafu moja. Ukichanganya mbili, watajibu ile nyepesi na kufunga.

Usirudishe kifaa kwenye mipangilio ya kiwandani kabla ya kurekodi video na kuhifadhi kumbukumbu za hitilafu, maana zikifutika huna cha kuonyesha. Bahati mbaya, kundini huo ndio ushauri wa kwanza utakaopewa.

Huko weka dalili tu, kamwe usibandike risiti wala IMEI (namba ya utambulisho wa simu). Na betri iliyovimba haisubiri maoni ya watu: chomoa chaji, zima kifaa, usiiminye wala kuitoboa, wasiliana na mtengenezaji siku hiyohiyo.