Somo: Kuandaa vibua ukiwa huku Mwanza

Sisi wa Kirumba tumezoea sato wa kuvuliwa usiku na kuliwa mchana. Kibua ni samaki mgeni. Ametoka Bahari ya Hindi, amesafiri na barafu zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo usimfanyie mazoea.

Mwaka jana boksi langu lilishushwa stendi barafu imeshakuwa maji. Nikajipa moyo kwamba moto utamaliza kila kitu. Hata saa moja haikupita tangu tule, mwanangu akatoka vipele shingoni, midomo ikimwasha kama aliyetafuna pilipili, kichwa kinamgonga. Tulikimbilia zahanati, akapona. Ndipo nilipoelewa: kibua akikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza sumu iitwayo histamini ndani ya nyama yake. Ikishaingia, hata umkaange mpaka awe mkavu, haitoki. Na samaki anaweza asinuke kabisa.

Hatua ya 1. Nunua aliye baridi mkononi. Jicho liwe angavu, limejaa. Ubavu ukiubonyeza urudi. Barafu ikiwa imeyeyuka, mwache hapo hapo, hata akishushwa bei.

Hatua ya 2. Akiwa ameganda, myeyushe ndani ya friji usiku kucha. Si juani, si kwenye beseni jikoni.

Hatua ya 3. Toa mashavu na utumbo. Pasua tumbo mpaka uone mstari wa damu nyeusi uliolala kando ya uti wa mgongo. Ukwangue kwa ncha ya kijiko huku maji yakipita. Wengi huuacha, halafu wanalalamika shombo.

Hatua ya 4. Mchanje mara tatu kila ubavu, paka chumvi, limau, tangawizi na kitunguu saumu. Mrudishe kwenye friji dakika 20.

Hatua ya 5. Banika au kaanga. Ana mafuta yake mwenyewe, usimzamishe.

Maswali ya wanachama

*Dada, naweza kumwanika kama dagaa?*
Hapana, kaka. Dagaa ni mwembamba, jua kali linamkausha upesi. Kibua ni mnene na ana mafuta, atakaa kwenye joto muda mrefu, na joto ndilo tunalolikimbia.

*Tunaweza kumfuga kwenye vizimba vyetu?*
Huyu ni wa maji chumvi. Huogelea kwa makundi mdomo wazi, akichuja vijidudu vya baharini. Vizimba tuwaachie sato.

*Mama, vichwa nitupe?*
Usitupe, mwanangu! Toa mashavu, osha vizuri, chemsha na nyanya na ndimu.