Jinsi ya kurudishiwa kura Florida kama ulishafungwa: anza na karatasi ya hukumu, usianze na pesa

Ndugu zangu mlioko Florida, kuna hatua moja imenila miezi minne na hela ambayo kwa ajili ya kura sikutakiwa kuilipa, sitaki imkute mwingine.

Kwanza, hii ni ya raia wa Marekani tu. Kama una grini kadi usijaze fomu ya kupiga kura hata mtu akikusimamisha nje ya supamaketi akakwambia haina shida, unaweza kufukuzwa nchini.

Novemba 2018 wapiga kura wa Florida walipitisha marekebisho namba 4 ya katiba ya jimbo kwa karibu asilimia 65: ukimaliza kifungo, paroli (kuachiwa mapema chini ya uangalizi) na probesheni (kifungo cha nje), kura yako inarudi bila kumuomba gavana. Waliohukumiwa kwa mauaji au makosa makubwa ya ngono hawamo, hao bado ni mpaka waombe msamaha. Halafu 2019 bunge la jimbo likasema kumaliza adhabu ni pamoja na kulipa faini, ada na fidia zote zilizoandikwa kwenye hukumu. Hapo ndipo watu wanapokwama, maana hakuna daftari moja la jimbo zima la kukuonyesha unadaiwa nini, kaunti ziko 67 na kila moja ina karani wake wa mahakama.

Mimi nilipiga simu, nikatajiwa dola 980, nikajibana nikalipa. Baadaye ndo nikaenda kuomba nakala ya hukumu yangu. Ukurasa wa mwisho kuna kijedwali cha ada, wino umefifia, nikajumlisha mara tatu: 700. Zile 280 waliongeza wakusanya madeni. Kilichoongezwa baada ya hukumu kinaweza kubaki kuwa deni lakini hakikuzuii kupiga kura. Kwa hiyo nenda kwa karani wa kaunti uliyohukumiwa, omba nakala ya hukumu na orodha ya malipo, linganisha mstari kwa mstari, ndo utoe hela. Na risiti usitupe hata moja.

Huna uwezo? Muombe jaji akubadilishie deni liwe masaa ya kazi za jamii, au alifute, ila kama ni fidia lazima anayekudai akubali. Ukiambiwa deni limehamishwa kuwa la madai, yaani deni la kawaida lisilo la jinai, usifikiri limeisha, kwenye kura bado linahesabika. Uliyehukumiwa jimbo lingine, Florida inaangalia kama jimbo lile lingekuruhusu kupiga kura.

Ukiwa bado na wasiwasi, usiridhike na jibu la mdomo la mtu wa dirishani. Kitengo cha uchaguzi cha jimbo kina fomu ya kuomba maoni ya kimaandishi kuhusu kesi yako, ijaze, subiri barua. Agosti 2022 gavana wa Florida alitangaza kukamatwa watu 20 kwa kupiga kura bila kustahili na wengi wao walikuwa wameshatumiwa kadi ya mpiga kura, yaani kadi peke yake si kinga. Inaniuma sana hiyo, mtu kaamini serikali iliyomtumia kadi halafu kaamkia pingu.

Barua ikija vizuri, jisajili, mtandaoni au kwa karatasi, siku 29 kabla ya uchaguzi ndo mwisho. Pale pa kuapa kwamba haki yako imerudi soma taratibu kabla ya kusaini, kudanganya hapo ni kosa jipya la hadi miaka 5. Nakala za barua, hukumu na risiti weka bahasha moja, na nyingine mpe mtu wa nyumbani akutunzie.